Uzi mrefu: Amrish Puri, adui wa picha za Kihindi aliyekuwa karani wa bima

#1 Mwana wa Fundi (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Juzi nilikuwa natazama tena Mr. India. Mwanangu wa mwisho, ana miaka 14, akapita sebuleni akasimama. "Baba, huyu mwenye nywele za dhahabu ndiye stelingi?" Nikamwambia hapana, huyo ndiye adui. Akavuta mto, akakaa chini, tukaimaliza pamoja. Ilipokwisha nikamuuliza stelingi anaitwa nani. Hakukumbuka. Adui je? "Mogambo!" Hakusita hata kidogo.

Tangu siku hiyo nina hamu ya kuandika. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video mzee huyu tunamjua kwa sura na kwa sauti, ila njia aliyopita hadi kufika pale wengi hatuijui. Nitaandika kwa vipande. Anayejua zaidi aongeze, anayebisha abishe kwa hoja.

Jina lake Amrish Puri. Alizaliwa tarehe 22 Juni 1932 huko Nawanshahr, Punjab, India ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza. Sinema kwao haikuwa kitu kigeni. Kaka zake wawili, Chaman Puri na Madan Puri, walitangulia kuigiza Bombay (Mumbai ya leo). Huyo Madan watu wa rika langu mnamkumbuka, naye alikuwa adui wa kazi: kwenye Deewaar ya 1975 ndiye Samant, bosi wa magendo anayekabana koo na Amitabh Bachchan, stelingi. Ungedhani basi kwamba mdogo mtu alipofika Bombay miaka ya 1950 alikuta mlango uko wazi. Alijaribiwa mbele ya kamera ili awe stelingi, akakataliwa.

Akatafuta kazi ya mshahara. Akaipata kwenye shirika la serikali la bima ya wafanyakazi, Employees' State Insurance Corporation, akawa karani. Alikaa katika ajira hiyo miaka zaidi ya 20. Huko ndiko alikokutana na Urmila, wakaoana 1957, wakaanza maisha.

Hapa naomba tutulie kidogo. Yule mtu ambaye kila akitokea kwenye kioo tulikuwa tunabanana kwenye benchi, asubuhi zake zote za ujana alikuwa akipanda gari kwenda ofisini kushughulikia mafaili ya watu. Alicheza picha yake ya kwanza yenye jina kubwa, Reshma Aur Shera, mwaka 1971, akiwa anakaribia miaka 39. Nafasi ndogo tu. Wenzake wa umri huo walikuwa wameshakuwa mastaa na wengine wameanza kuchuja.

Kilichomlea katikati hapo ni jukwaa. Nitakuja nacho kipande kijacho.

#2 Kiti cha Mbele

Mkuu tiririka, nimeshakaa. Mimi nilijua alizaliwa na ile sauti akaingia moja kwa moja kwenye sinema. Karani wa bima! Hii sikuwahi kuisikia.

#3 Mwana wa Fundi

Naendelea.

Jioni, kazi ikiisha, Amrish alikuwa anakwenda kwenye tamthilia. Alipita mikononi mwa Ebrahim Alkazi, kisha akafanya kazi miaka mingi na Satyadev Dubey, mwongozaji ambaye watu wa jukwaa la Bombay wanamtaja kwa heshima hadi leo. Dubey alikuwa mdogo kwake kiumri, lakini Amrish alimkubali kuwa mwalimu, na hilo si jambo dogo kwa mwanaume mwenye familia na kazi ya serikali.

Kuna tamthilia inaitwa Adhe Adhure, ya Mohan Rakesh. Ndani yake mwigizaji mmoja anatakiwa awe wanaume kadhaa: mume aliyeshindwa maisha, bosi, rafiki wa zamani, na kadhalika. Mwanamke wa kwenye hadithi anatafuta mwanaume aliyekamilika, na kila anayemwendea anakuta ni yuleyule kwa koti jingine. Dubey alipoiweka jukwaani Bombay mwaka 1969, aliyevaa makoti yote hayo alikuwa Amrish Puri.

Nadhani ufunguo wa kazi yake yote uko hapo. Mtu aliyezoea kubadilika kuwa wanaume wengi mbele ya watazamaji walewale, usiku mmoja, bila kamera ya kumsogelea wala muziki wa kumsaidia, anajifunza kutumia vitu vichache sana: bega, shingo, kasi ya kugeuka, na pumzi kabla ya neno. Mwaka 1979 akapewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, ambayo India ndiyo heshima kubwa ya sanaa za jukwaani. Ilikuja kabla dunia haijamjua kama adui wa sinema.

Walioanza kumtumia vizuri kwenye filamu ni wale wa sinema nzito, hasa Shyam Benegal. Sikilizeni mfululizo huu. Nishant, 1975: yeye ndiye kaka mkubwa wa ukoo wa makabaila, wadogo zake wanamteka mke wa mwalimu na kijiji kizima kinanyamaza. Manthan, 1976: ndiye mwenye kiwanda cha maziwa anayewanyonya wafugaji. Bhumika, 1977: ndiye tajiri anayempa mwanamke kila kitu isipokuwa ruhusa ya kutoka nje ya geti.

Manthan ina jambo zuri ambalo lazima niliseme. Fedha za kuitengeneza walitoa wafugaji wa Gujarat wenyewe, wanachama 500,000 wa ushirika wa maziwa, kila mmoja rupia 2. Kwa hiyo watu wanaonyonywa ndani ya picha ndio waliomlipa Amrish aigize mnyonyaji wao. Na hakuwaangusha. Muangalieni mle ndani: hapigi mtu kelele. Anaongea na wanakijiji kwa upole, kama mtu mzima anayewaonea huruma, na wewe unayetazama unaanza kuona jasho.

#4 Binti Kisauni

Mwana wa Fundi, shukran sana kwa uzi. Mimi ni wa Mombasa, na kwetu picha za Kihindi zilikuwa kama sehemu ya nyumba. Mamangu na shangazi zangu hata Kihindi walikuwa wakikisikia kwa ajili ya sinema tu.

Nataka kuchangia Nagina, ya 1986. Sridevi ndiye nyoka aliyegeuka binadamu, kaolewa, anataka maisha yake ya amani. Amrish ni Bhairon Nath, yule sadhu, mtawa wa Kihindu, mwenye kumfuata amrudishe kwenye unyoka. Mwisho anakuja na wenzake wakipiga zumari la nyoka, naye Sridevi anacheza kwa hasira na lenzi zake za macho. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaigiza hiyo ngoma kibarazani, na hakuna mtoto aliyetaka kuwa mumewe Sridevi. Ugomvi wetu ulikuwa ni nani awe nyoka na nani awe Bhairon Nath.

Nilipokuwa mkubwa nikaitazama tena nikaona kitu. Yule sadhu hajioni mwovu. Anaamini kabisa kwamba anaiokoa ile familia na nyoka. Anaposema na mama mkwe, anasema kwa yakini ya mtu wa dini. Ndiyo maana alitutisha vile.

#5 Kiti cha Mbele

Umegusa penyewe dada. Adui anayejijua kuwa ni adui hatishi.

Ila mimi nina ubishi wangu, msinichukie. Kwangu adui namba moja wa picha za Kihindi ni Gabbar Singh. Sholay, 15 Agosti 1975, Amjad Khan. Mtu anatembea juu ya mawe, mkanda anauburuza, anauliza "Kitne aadmi the?", yaani walikuwa watu wangapi, na unajua hapo kuna mtu atakufa. Amjad alikuwa kijana wa miaka 30 na kitu tu. Mogambo amevaa magwanda ya kumeremeta na nywele za bandia, kidogo ni adui wa watoto.

#6 Mwana wa Fundi

Kiti cha Mbele, ubishi wako ni halali, na Gabbar simgusi. Amjad Khan alikuja na kitu ambacho hakikuwepo: jambazi mchafu, anatafuna tumbaku, anacheka kabla ya kuua. Alifariki 1992 bado mapema, na nafasi ile hakuna aliyeicheza kama yeye.

Lakini kwenye neno "adui wa watoto" nakupinga. Twende taratibu kwenye Mr. India.

Imetoka 1987, mwongozaji Shekhar Kapur, waandishi Salim na Javed, walewale walioandika Sholay. Kwa hiyo Gabbar na Mogambo wana baba wamoja. Anil Kapoor ndiye stelingi, kijana maskini anayelea mayatima, anapata bangili inayomfanya asionekane. Sridevi ni mwandishi wa habari. Mogambo anakaa kisiwani, ana jeshi lake, anataka India yote. Nafasi hiyo kwanza alikuwa amepewa Anupam Kher, na Kher mwenyewe amelisimulia hilo mara nyingi bila kinyongo, akikiri kwamba Amrish aliitendea haki.

Sasa fikiria ulivyo mtihani ule. Wamekuvisha koti la kijeshi lenye nakshi za dhahabu, wigi la nywele za njano, buti, na kiti cha enzi. Ukizidisha chumvi kidogo tu unakuwa kichekesho. Ukipunguza, mavazi yanakumeza. Amrish alichofanya ni kuigiza kana kwamba mavazi yale ni ya kawaida kabisa, kama karani anayevaa shati lake la Jumatatu. Mogambo ana utaratibu. Anapokea ripoti, anasikiliza, anatulia. Halafu vidole vinaanza kugonga kwenye mkono wa kiti, kimoja kimoja, na ndipo linapotoka lile neno: "Mogambo khush hua." Mogambo amefurahi. Maneno matatu tu, na kila yanaporudi yana uzito mwingine.

Kuna ile sehemu anataka kumwonyesha mgeni jinsi watu wake wanavyomtii. Anawaamuru askari warukie kwenye pipa la tindikali. Wanaruka. Hakuna anayeuliza. Muangalie usoni wakati huo: hana hasira wala furaha, anatazama kama bosi anayekagua kazi iliyofanyika vizuri. Nilipokuwa mtoto niliogopa tindikali. Sasa ninachokiogopa ni ile sura.

Na mkumbuke filamu hiyo ilipotoka alikuwa na miaka 54.

#7 Mzee wa Mwembetanga

Wanangu, nawasalimu kutoka Unguja.

Nasoma uzi huu kwa furaha, maana vijana mnaanzia Mogambo, sisi tulianzia mbali. Mimi Majestic ya pale Vuga niliijua ningali navaa kaptula. Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, iliporudishwa na kurudishwa watu waliimba nyimbo zake njiani. Wanawake walikuwa na maonyesho yao maalumu, wanakwenda makundi kwa makundi na mabuibui, na wakirudi hadithi nzima inasimuliwa upya ndani ya nyumba.

Adui wa Awara ni Jagga, aliyecheza ni K. N. Singh. Alikuwa mtu wa kuvaa vizuri, anainua nyusi moja tu. Baadaye akaja Pran. Huyo ndiye aliyekuwa mfalme wa maadui kabla ya huyu mnayemzungumzia. Kule India watu waliacha kuwapa watoto wao jina la Pran kwa kumchukia. Kisha 1967 Manoj Kumar akampa nafasi ya mtu mwema kwenye Upkar, mlemavu wa mguu mwenye maneno ya busara, na watu wakalia. Zanjeer ya 1973 akawa Sher Khan, Mpathani rafiki wa kweli.

Nalisema hili kwa sababu Amrish naye aliipita njia hiyohiyo, ya kutoka kwenye uadui na kuwa baba. Mleta uzi bila shaka utafika huko. Sitaki kukutangulia.

#8 Mwana wa Fundi

Shikamoo mzee wangu. Nafika huko, na umenisaidia kupanga. Ila nipite kwanza Hollywood, maana najua kuna watu wanaisubiri.

Mwaka 1982 Amrish alionekana kwenye Gandhi ya Richard Attenborough, akiwa Khan, mfanyabiashara Mwislamu wa Afrika Kusini anayesimama na Gandhi. Mtu mwema kabisa. Mwaka 1984 Steven Spielberg akamchukua awe Mola Ram, kuhani wa giza kwenye Indiana Jones and the Temple of Doom. Kwa nafasi hiyo alinyoa kichwa kipara, na kipara kile kikawafaa watengenezaji wa India kuliko walivyotarajia: wakawa wanambandika wigi lolote na ndevu zozote, kila picha mtu mpya. Spielberg alimsifu waziwazi kuwa ndiye adui anayempenda kuliko wote.

Filamu yenyewe ilileta maneno India. Serikali ilikuwa imekataa ipigwe huko kwa jinsi ilivyowachora Wahindi, wakaenda kupiga Kandy, Sri Lanka. Na kweli ile karamu ya ubongo wa nyani ni matusi, sitaitetea. Lakini sehemu ya Mola Ram, ondoa pembe na fuvu la kichwani, ubaki na mkono. Mkono unakuja taratibu kuelekea kifua cha mtu, vidole vimetanuka, na sinema nzima inaacha kupumua.

Nimesema mkono kwa makusudi. Kadiri ninavyomtazama, nazidi kuuangalia mkono wake.

Kati ya miaka ya 1980 na 1990 kila mwenye pesa ya kutengeneza picha Bombay alimtafuta. Hero ya Subhash Ghai, 1983, ni Pasha. Meri Jung, 1985, ni wakili Thakral, aliyemfikisha mtu asiye na hatia kwenye kitanzi na mtoto wa marehemu akakua akasomea sheria ili akutane naye mahakamani. Tridev, Ram Lakhan, Ghayal, Saudagar. Damini ya 1993 tena wakili, Chaddha, safari hii anapambana na Sunny Deol. Akacheza hata Kitamil, Thalapathi, 1991. Kwa jumla inatajwa kuwa alicheza filamu zaidi ya 400. Zote nzuri? La. Nyingi zilikuwa za kupita, za kulipia karo, na ndani ya hizo utamkuta anafanya kazi yake kwa bidii ileile, mwenzake anabwata na yeye anasikiliza kweli kweli. Uigizaji wa kusikiliza hausifiwi, na ndio mgumu kuliko wote.

#9 Kiti cha Mbele

Nimerudi kuitazama ile sehemu ya tindikali usiku wa jana. Mkuu, nafuta neno langu la "adui wa watoto". Gabbar anabaki namba moja kwangu, lakini neno nimelifuta.

#10 Barabara ya Kumi na Mbili

Mimi wa Tanga kama mleta uzi, ila sasa niko Muscat mwaka wa 19. Hapa dukani ninapofanya kazi nimezungukwa na Wahindi, Wapakistani na Wabangla. Siku moja mwenzangu wa Kerala alikuwa kaudhika, nikaweka mkono juu ya kaunta nikagonga vidole, "Mogambo khush hua". Duka zima likacheka, hadi mteja wa Kiomani. Sikujua hata lugha yao wakati huo. Neno hilo ndilo lililonipatia marafiki.

Halafu kuna hili la jina. Sisi tulikuwa tukisikia "Mogambo" tunasikia "mgambo". Kwa sisi watoto ilikuwa wazi kabisa: likilia la mgambo lina jambo, huyu akitokea lazima kuna jambo. Kumbe kuna na picha ya Wamarekani ya 1953 yenye jina hilihili, ya John Ford, Clark Gable na Ava Gardner, iliyopigwa huku kwetu Kenya, Tanganyika na Uganda.

Swali langu: kwenye kile kibanda cha kwetu tulikuwa na mtu wa kutafsiri. Unamkumbuka? Alikuwa akimpa adui sauti nzito kuliko stelingi.

#11 Mwana wa Fundi

Ndugu yangu wa nyumbani! Namkumbuka sana. Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na deki, televisheni ya inchi 14, sisi tumejaa hadi mlangoni. Baba yangu alikuwa na cherehani kibarazani nyumba ya pili, nami nilipewa ruhusa ya picha moja kwa wiki nikimaliza kushona vifungo. Huyo mtafsiri Kihindi chake chenyewe kilikuwa cha kuokoteza, mengine alijaza mwenyewe. Lakini Amrish Puri akianza kusema, alikuwa ananyamaza. Anamwacha aseme mpaka mwisho, ndipo anatafsiri kwa sentensi moja. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akaniambia, "Huyu ukimkatiza unamharibu."

Sasa nifike kule mzee wa Mwembetanga alikonielekeza.

Mwaka 1995 una picha mbili ambazo mtu akitaka kumwelewa Amrish Puri azitazame kwa kufuatana. Ya kwanza ni Karan Arjun, ya Rakesh Roshan, ilitoka Januari. Amrish ni Durjan Singh, anawaua ndugu wawili mbele ya mama yao, na mama anaomba mpaka wanazaliwa upya kuja kulipa kisasi. Hapo ni adui wa kile kizazi cha zamani: masharubu, bunduki, macho mekundu. Ndani yake yumo Shah Rukh Khan, yumo na Kajol.

Ya pili ilitoka Oktoba mwaka huohuo. Dilwale Dulhania Le Jayenge, ya Aditya Chopra. Yumo Shah Rukh, yumo Kajol, yumo Amrish. Hiyo ndiyo iliyoonyeshwa zaidi ya wiki 1,000 mfululizo kwenye ukumbi wa Maratha Mandir, Mumbai. Na Amrish si adui. Ni Baldev Singh, Mpunjabi mwenye duka London, baba wa mabinti wawili, aliyekwisha kumuahidi rafiki yake wa Punjab kwamba binti yake mkubwa Simran, ndiye Kajol, ataolewa kwao.

Picha inamfungua yeye. Asubuhi, Trafalgar Square, ukungu, mzee amesimama anawarushia njiwa nafaka. Mkono uleule. Mkono wa Mola Ram, vidole vya Mogambo, sasa unatoa punje kwa ndege wasio na kwao kama yeye. Amesema miaka 22 anapita njia hiyo kila siku na njia bado inamuuliza yeye ni nani.

Halafu tunaingia naye nyumbani na tunaona wimbo unazimwa anapoingia. Mkewe na binti zake wanarekebisha kanga zao za kule, wanakaa vizuri. Hajamgusa mtu. Yale macho tuliyoyaogopa miaka 10 kwenye vibanda yanafanya kazi bila yeye kufanya lolote, na mwongozaji alijua hivyo alipomchagua. Tungempa baba huyu mwigizaji ambaye siku zote ni mpole, tungejua mapema kwamba mwisho atakubali. Kwa Amrish hatukujua.

Tuzo zake tatu za Filmfare za mwigizaji msaidizi, moja ni ya Meri Jung, yule wakili. Mbili zilizofuata alipata kwa kuigiza baba: Ghatak ya 1996, mzee mgonjwa anayedhalilishwa na jambazi wa mtaa, na Virasat ya 1997, mkuu wa kijiji anayemwachia mwanawe mzigo wa watu wake. Kwenye Ghatak, wakati huo adui ni Danny Denzongpa na Amrish ndiye anayeteswa. Mimi niliyemwogopa utoto wangu wote nilishindwa kuitazama sehemu ile hadi mwisho.

#12 Binti Kisauni

Ghatak imenitoa machozi hata leo nikiifikiria. Na usisahau Gadar ya 2001, Ashraf Ali, baba wa Sakina kule Lahore. Hapo karudi kwenye ukali, lakini ni ukali wa mtu aliyepoteza mengi wakati wa kugawanywa kwa India.

Malizia ile ya treni kwenye Dilwale, kaka. Najua unaiweka akiba.

#13 Mzee wa Mwembetanga

Na useme alivyoondoka, kwa wasiojua.

#14 Mwana wa Fundi

Alifariki Mumbai tarehe 12 Januari 2005, miaka 72, kwa kuvuja damu ubongoni, baada ya kuugua maradhi ya damu. Kaka yake Madan alikuwa amefariki 1985, pia mwezi wa Januari. Kisna, ya Subhash Ghai, ilitoka siku chache tu baada ya maziko yake. Alikuwa bado kazini.

Ile ya treni. Wote mnaijua, lakini naomba mwende mkaitazame tena huku mkiangalia kitu kimoja tu.

Stesheni, Punjab. Raj, yaani Shah Rukh, kijana anayempenda Simran, amepigwa, mdomo unatoka damu, amepanda treni na baba yake, treni imeanza kuondoka. Simran anataka kumkimbilia, lakini baba yake amemshika kifundo cha mkono. Anamsihi baba amwachie. Anasihi kwa Kihindi, na kwenye kibanda chetu siku ile mtafsiri hakutafsiri, kwa sababu hakukuwa na haja. Amrish hasemi. Anamtazama binti, anaitazama treni, anamtazama yule kijana mlangoni kwenye behewa. Uso haubadiliki sana, taya tu. Kinachobadilika ni vidole. Kwanza vimekaza mpaka ngozi imevutika. Halafu kimoja kinalegea, na kingine, na ndipo sauti inatoka, ya chini kuliko nilivyowahi kumsikia: "Ja Simran, ja. Jee le apni zindagi." Nenda Simran, nenda. Kaishi maisha yako.

Siku ile kibandani tulikuwa watu kama 60. Nilikuwa nimekaa chini, mbele kabisa, na nyuzi za baba yangu bado zimenganda kwenye suruali. Vidole vilipoachia, mzee mmoja nyuma yangu, mbeba mizigo wa bandarini, akasema kwa sauti, "Ahsante, baba." Alikuwa anaongea na Amrish Puri.